Mita Moja na Nusu kwa Sekunde

Mwezi uliopita nilitoka Voi kwenda kuzika Mariakani, nikafika Mtito Andei. Kwa asiyeijua barabara yetu, Mariakani iko upande wa Mombasa, Mtito Andei iko upande wa Nairobi, na Voi imekaa katikati kama mtu aliyekosa la kufanya. Basi lilikuwa limesimama katika ua wa hoteli ile ambapo mabasi yote huingia ili abiria wale chapati, yanayopanda kwa yanayoshuka, na kila dereva huelekeza pua ya basi lake anakotaka mwenyewe. Nilimwuliza utingo maswali yote ambayo mtu mwenye akili huuliza. Linakimbia? “Mathe, hii haikimbii, hii inapaa.” Halitaharibika njiani? “Mathe, hii umri wake ni mdogo kuliko wangu.” Litafika mapema? “Kabla chai haijakushuka tumboni ushafika.” Nikaridhika, nikapanda, nikavuta pazia, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya uchunguzi wa kutosha. Nilizindukana kondakta akidai nauli, jua likinichoma kisogo ilhali kwa safari niliyoikusudia lingenichoma usoni. Nilipomwambia Mariakani, gari zima liligeuka kunitazama. “Mathe,” akasema kwa huruma ya kuudhi, “Mariakani unaiacha nyuma kwa mbio sana.”

Waliniteremsha Mtito. Nikakaa juu ya mkoba wangu, nimevaa lesso mpya ya matanga, nikatazamana na nyani. Na aibu yenyewe haikuwa ya kupotea, maana mimi ni mtu wa nyumbani, nikivuka daraja la Voi naanza kuumwa na kichwa. Aibu ni kwamba marehemu niliyekuwa nikienda kumzika alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, na mwaka mzima wa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini, alitufundisha jambo moja tu: kwamba kujua kitu kinakwenda mbio kiasi gani si kujua kinakwenda wapi. Tulimwita Mwalimu Velositi. Nilipopata gari la kunirudisha, simu yangu ilikuwa ishajaa picha za mazishi kutoka kwa kundi la wanafunzi wenzangu wa zamani. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, wali ulikuwa umeshaliwa, na Righa, ambaye siku hizi ni mshauri wa sijui nini huko Nairobi, alikuwa ameshasoma hotuba na kutuma nakala yake kwa wale tuliokosa. Ndani yake aliandika kwamba Mwalimu “alitufunza kwenda mbio maishani.” Nilisoma sentensi ile mara mbili, nikacheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akasogeza mkoba wake. Mtu anazikwa na mwanafunzi wake bora, na mwanafunzi bora bado hajaelewa somo.

Wacha niseme alivyokuwa. Alikuwa mwembamba, shati limechomekwa sana, na shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio, ya pekee katika shule yetu ya kutwa, kama vile padri anavyovaa msalaba. Hakuivua hata akila. Somo lake la kwanza alitutoa nje, akamchagua Righa, kijana aliyekuwa na miguu mirefu na majivuno marefu zaidi, akamwambia azunguke uwanja mzima wa kandanda. Righa alichomoka, wasichana tukapiga makofi, akarudi akihema pale alipoanzia. Mwalimu akabonyeza saa yake. “Spidi ya Righa ni kubwa,” akatangaza. “Amekata mita nyingi kwa sekunde chache. Sasa nani ataniambia velositi yake ya wastani?” Akajijibu mwenyewe: “Ni sifuri! Ameondoka hapa, amerudi hapa. Hajaenda popote. Amelowa jasho bure!” Tukaangua kicheko, na Righa hakumsamehe mpaka alipompata kwenye jeneza asiweze kumjibu. Halafu Mwalimu akatuandikisha: spidi ni umbali uliokatwa kwa muda, haijali upande, velositi ni kule kuhama kwenyewe kwa muda, na upande lazima utajwe. Zote mbili hupimwa kwa mita kwa sekunde. Ukitaka kilometa kwa saa, zidisha kwa tatu nukta sita. Na ole wako uandike namba bila kipimo. “Tano?” angeuliza, rula imeinuliwa. “Tano nini? Tano mbuzi? Tano mabeseni?” Rula ilishuka kwenye vifundo vya vidole. Kwa upande uliosahaulika alisikitika tu. Kwa kipimo kilichosahaulika alichapa. Mtoto hukumbuka linalouma, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Alikaa kwenye landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, chumba kimoja alichokodishiwa na fundi wa injini aliyehamia kwa mke wa pili. Tulikuwa watatu tulioruhusiwa kuingia mle, mimi, Righa na binti mmoja aliyeitwa Mghoi ambaye kazi yake ilikuwa kukubali kila kisemwacho. Chumba kilinuka mafuta ya taa na vitunguu. Pazia lilining'inia kwenye fimbo ya mita ya maabara, stovu ilikuwa juu ya sanduku la chaki, na ukutani alikuwa amechora mishale kwa penseli, mishale tu, mirefu na mifupi, ikielekea kila upande, kama ramani ya kuku waliotishwa. Alitupikia kimanga kibaya kuliko vyote nilivyowahi kula. Mtu wa kwetu kushindwa kuponda mihogo na maharagwe ni kipaji cha kinyume. Tulikula kwa heshima, huku upande wa pili wa ukuta mke wa jirani akimwambia mumewe, kila jioni, kwa sauti ileile, “Wewe unasema unatafuta kazi, unaitafuta wapi? Mbona kila siku unarudi hapa?” Mwalimu angetua kijiko, aelekeze kidole ukutani, anong'one kwa furaha: “Mnasikia? Velositi sifuri!” Nasi tungecheka. Hakuna aliyefikiri kwamba ng'ambo ile kuna mtu analia.

Katika chumba hicho ndipo lilipozaliwa wazo la ndovu. Kulikuwa na shindano la sayansi la shule za wilaya, na mwalimu mkuu, mtu aliyependa ngao kuliko wanafunzi, alitaka ngao. Mwaka ule mvua ilikuwa imekubali kunyesha baada ya misimu miwili ya kutucheka. Jirani yetu wa ua wa minyaa, Mama Mkawasi, mjane, alikuwa amepanda pojo, zile choroko za kijani, katika shamba lake nje ya mji, upande wa Sagala, na pojo zilishika vizuri mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuzisifu, jambo ambalo halikumpendeza. Misimu ile miwili ya ukame alikuwa amekula mwolyo, mahindi ya msaada, akipanga foleni kwa chifu na bakuli mkononi. Aliichukia foleni ile kuliko alivyoichukia njaa. “Nikivuna hizi,” alimwambia mama yangu juu ya ua, akichambua mboga, “chifu nitamwona kanisani tu.” Basi kila jioni alipanda dungu lake, akakaa huko juu na debe na nyundo, akiwasubiri ndovu wa mbugani ambao nao walikuwa wamesikia habari za pojo.

Wazo la Mwalimu lilikuwa hili. Reli inapita kati ya mbuga na mashamba. Ndovu lazima wavuke reli, na kabla ya kuvuka huambaa nayo kitambo. Katika kituo kidogo kilicho chini yetu kuelekea Mombasa, mjomba wake Righa alikuwa mfanyakazi na alikuwa na simu ya reli. Kati ya nguzo moja ya simu na nyingine kuna mita sitini. Mtu akikaa pale na saa, akapima sekunde ambazo ndovu anatumia kutoka nguzo hadi nguzo, anapata spidi. Anapiga simu stesheni ya Voi, mwenzake anachukua namba na kukimbia nayo shuleni, ubaoni zinafanywa hesabu, na mkulima anaambiwa: leo panda dungu saa fulani, ama leo lala, wamerudi mbugani. “Watu wetu wanakesha kama popo kwa kukosa fizikia,” alisema Mwalimu, midomo imejaa kimanga. Tulijaribu alasiri kadhaa. Kila mara ndovu walikuwa wakivuka kurudi mbugani, kila mara tulimwambia Mama Mkawasi apumzike, na kila mara pojo zake asubuhi zilikuwa salama. Naye mwenyewe alianza kuamini. Alilala kitandani mwake, kisha akamletea Mwalimu ndizi mbivu landini. Mimi nilivimba kichwa, nikaacha kuwasalimu wasichana wa darasa la biashara.

Siku ya waamuzi kuja, mwalimu mkuu aliomba mkulima wa kweli wa kutoa ushahidi. Mama Mkawasi alivaa gauni lake la Jumapili, la maua ya samawati, akabeba sufuria ya pojo za nazi kwa ajili ya wageni, za kwanza kabisa kutoka shambani, alizochuma zikiwa bado hazijakauka sawasawa. Alimwambia mama yangu, nami nikasikia, “Nikikaa huko, shambani nani?” Mama akamjibu, “Si kuna watoto wa shule wanapima?” Akakalishwa kiti cha mbele. Mwamuzi mmoja kutoka bara alionja, akasema, “Hii ndengu ni tamu,” na Mama Mkawasi akamsahihisha kwa adabu kwamba ni pojo. Righa alikuwa kituoni na saa ya Mwalimu shingoni. Nilimwona akiondoka nayo, ameinua kidevu kama aliyepakwa mafuta ya uaskofu. Mimi nilikuwa Voi stesheni, kwenye ofisi iliyonuka wino na jasho, nimesimama kando ya simu ya kuzungusha mkono. Ikalia.

“Wakesho? Wamevuka,” Righa akasema.

“Spidi?”

“Moja nukta tano.”

“Moja nukta tano nini? Mbuzi?”

“Mita kwa sekunde, mjinga wewe.”

“Umepima mara ngapi?”

“Mara mbili. Sekunde arobaini nguzo hadi nguzo. Kundi zima, na watoto wao.”

“Una hakika si kilometa kwa saa?”

“We msichana, ndovu wa kilometa moja na nusu kwa saa ni ndovu mgonjwa!”

Nikamshukuru, nikakata simu. Nilikuwa nimeulizia kipimo mara mbili, maana vifundo vya vidole vyangu vilikuwa na kumbukumbu nzuri. Sikuuliza wamevuka kutoka upande gani kwenda upande gani. Righa anasema mpaka leo kwamba sikumwuliza. Mimi nasema mpaka leo kwamba hakusema. Tumebishana hivyo kwenye harusi yake, kwenye matanga ya mama yangu, na sasa kwenye simu zetu kwa maandishi, watu wazima wenye miwani.

Nilikimbia shuleni kwa spidi ambayo hakuna aliyeipima. Mwalimu alichukua karatasi, akaipepea juu kama tikiti ya bahati nasibu, akageukia ubao. Mita moja na nusu kwa sekunde, zidisha kwa tatu nukta sita, kilometa tano nukta nne kwa saa. Mghoi alikubali. Mwalimu akachora mstari wa reli, akachora mshale, na mshale akauelekeza mbugani, kwa kuwa siku zote ulikuwa umeelekea huko. Mkono wake haukusita hata kidogo. Mtu aliyechapa watoto mwaka mzima, aliyecheka ndoa ya majirani zake kwa kutumia mishale, alichora mshale kwa mazoea, mbele ya umma, na sote tuliokuwa tukijua velositi kama Baba Yetu tukautazama na kupiga makofi. “Kufikia jua kuzama,” akatangaza, “kundi hili litakuwa ndani ya mbuga, umbali kama huu.” Akapima kwa rula. Waamuzi wakaitikia kwa vichwa. Mama Mkawasi akaulizwa kama fizikia imemsaidia, akasimama na kusema, “Imenisaidia, nalala.” Ukumbi ukacheka vizuri. Tukapewa ngao, ubao mzito wenye bati la shaba katikati, mwalimu mkuu akaishika kabla yetu, akapigwa picha nayo.

Hesabu yenyewe haikuwa na kosa. Jua lilipokuwa linazama ndovu walikuwa wamekata umbali uleule uliosemwa ubaoni, isipokuwa upande wa pili. Tulikuwa tunatoka shule, jioni bado ina mwanga wa kutosha, Mama Mkawasi amebeba sufuria yake tupu kichwani, akanialika nimsindikize achume za kupelekea watu wa kanisani. Kabla hatujafika, kijia kilianza kuwa na vinyesi vikubwa, bado vinafuka. Akaongeza hatua. Dungu lilikuwa limesimama vilevile na debe lake limening'inia, halijaguswa, hawakuwa na haja nalo. Pojo hazikuwepo. Kulikuwa na ardhi iliyokanyagwa kama sakafu ya zizi, na mashina machache yamelazwa, na mwisho wa shamba mkia mmoja ukiingia vichakani bila haraka. Mita moja na nusu kwa sekunde, naapa. Niliutambua mwendo ule. Mama Mkawasi aliteremsha sufuria, akainama na gauni lake la maua ya samawati, akaanza kuokota ganda moja moja lililosalia. Nikainama kumsaidia. “Wacha,” akasema. “Utalikanyaga lililobaki.”

Mwalimu alikuja kesho yake na saa yake imesharudi shingoni. Alizunguka shamba, mikono nyuma, midomo inatembea. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba nikingoja aseme neno ambalo mtu mzima husema. Alisimama mbele ya Mama Mkawasi, akakohoa. “Mama, spidi tuliipata sawasawa,” akasema. Mama Mkawasi akamtazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani. Nilimdharau siku ile kwa moyo wangu wote, na ukweli ni kwamba sijaacha. Righa nilimdharau kwa kukaa kituoni akiwaona ndovu wameelekeza mikonga Sagala na kuona ni fahari kutaja nukta. Waamuzi niliwadharau kwa kula pojo zile na kuziita ndengu. Mwenyewe nimejidharau kidogo kidogo, kila siku, kama dawa ya kumeza baada ya chakula. Mwezi uliofuata nilipita kwa chifu nikitumwa chumvi, nikamwona Mama Mkawasi kwenye foleni ya mwolyo, bakuli mkononi. Nikageuza njia. Hilo nalo ni velositi: upande nilioukimbilia naujua vizuri.

Kuna jambo moja sikumweleza Righa kwenye simu, kwa sababu lingemharibia hotuba. Kabla ya muhula kwisha Mwalimu aliichukua ngao kwenye maabara bila kumwambia mwalimu mkuu, akaja nayo akiwa ameifunga gazeti. Nilikuwa kwa Mama Mkawasi nikichota moto. Akamkabidhi kwa mikono miwili. “Hii ni yako,” akasema, halafu akashindwa kuendelea, mtu aliyeweza kuongea vipindi viwili mfululizo juu ya mshale. Mama Mkawasi aliigeuza, akaigonga kwa kifundo kusikia kama ni mti mzuri, akaenda kuifunikia mtungi wa maji. Ilienea mdomo wa mtungi sawasawa. Mwalimu akasema, “Inaenea,” kisha akaaga. Mwaka ulipokwisha alihamishwa pwani, na shule nzima iliambiwa ngao imeibwa na wanafunzi wa kidato cha nne. Sijui kama ile ilikuwa toba au ilikuwa kukosa uso wa kuitazama ngao. Nilipenda iwe toba. Ndiyo maana nilinunua lesso mpya, nikaamka alfajiri, nikapanda basi.

Wenzangu wote waliondoka Voi wakaenda mbali, na kila wanaporudi hunitazama kwa namna ambayo Mwalimu alimtazama Righa baada ya kuzunguka uwanja: huyu hajaenda popote. Nashona sare za shule katika chumba kilekile nilichofanyia kazi za nyumbani, cherehani imekaa palepale palipokuwa na meza. Nikipima spidi ya mguu wangu kwenye cherehani nimeshafika Ulaya mara nyingi. Sidai kwamba kukaa ni hekima. Kuna watu wamekaa kwa sababu wamechagua, na kuna mimi, ambaye mara moja niliyotoka nilielekea Mtito Andei.

Niliporudi jioni ile, lesso imejaa vumbi, nilipitia kwa Mama Mkawasi kwanza. Sasa ni kikongwe, magoti yamekataa kazi, lakini masikio yake ni mazima kuliko ya mjukuu wake. Nilifunua mtungi, nikaweka ngao kando, bati lake limekuwa jeusi na maandishi hayasomeki tena, nikanywa kata mbili. Nikamsimulia yote: utingo, usingizi, nyani, kaburi lililofukiwa kabla sijafika. Nilimsimulia kwa mzaha, nikijua mzaha huo hupendwa. Hakucheka. Nikasema kwamba Mwalimu amekwenda nami sikumtupia hata konzi ya udongo. Alinyoosha mkono, akachukua ngao, akairudisha juu ya mtungi, akaigonga ikae vizuri.

“Basi ni vizuri hukufika,” akasema. “Pojo zangu nazo hakuna aliyekuja kuzizika.”